Kuhusu Suti ya Rangi ya Majivu Mliyoirudisha Dukani kwa Sababu ya Moyo Wangu

Bukavu, Nyalukemba
Jumatatu, baada ya misa ya kwanza

Kwa Bwana Mkurugenzi wa duka la mtandao Kitunga Yetu

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wanaofanya kazi chini yako, pamoja na vijana wa pikipiki wanaotuletea bidhaa hadi mlangoni bila kuziangusha kwenye matope ya mtaa wetu. Naomba ukae vizuri kwenye kiti kabla ya kuendelea kusoma. Mimi nilikuwa sekretari wa shule ya sekondari mpaka nilipopewa pension, na barua zangu hazikuwahi kuwa fupi. Maprefe, yaani wakuu wa shule, walizizoea, na wewe utazizoea.

Jina langu ni Georgette Nsimire. Mimi ni mjane. Nina binti mmoja hapa mjini, Francine, ambaye anafanya kazi kwenye ofisi ya ONG, wale watu wa misaada, na ana akili nyingi kuliko subira. Yeye ndiye aliyeniwekea duka lenu ndani ya simu. Aliniambia, "Maman, magoti yako imechoka, na soko ya Kadutu iko na kupanda mingi. Fungua tu hapa, ubonyeze, kitu itakuya yenyewe." Nami nikabonyeza. Sufuria ilikuja yenyewe. Chujio la chai lilikuja lenyewe. Sina neno baya kuhusu sufuria wala chujio, na nasema hivyo mapema ili usidhani kwamba unaandikiwa na mtu asiye na shukrani.

Shida yetu, Ndugu Mkurugenzi, ni kamoyo.

Chini ya kila picha mmeweka kamoyo keupe. Mtu akikagusa, kanakuwa kekundu, na kile kitu kinakwenda kukaa mahali mlipopaita "Matamanio Yangu". Nilimuuliza Francine kazi ya kamoyo hako. Akanijibu, "Ni ya vitu unapenda lakini haununui. Haina shida, Maman. Ni kutamani tu." Naomba uyashike vizuri maneno hayo, *ni kutamani tu*, kwa maana juu yake ndipo nimejenga malalamiko yangu yote.

Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo kabla ya kugusa niliiuliza dhamiri yangu. Amri inatukataza kutamani mali ya jirani. Lakini niliona kwamba baadhi ya bidhaa zenu zina maandishi mekundu: *imeisha*. Nikawaza, kitu kilichoisha si cha jirani tena, na si chenu pia, kwa sababu hamnacho. Si cha mtu yeyote. Basi kukitamani hakuwezi kuwa dhambi. Tangu siku hiyo nikawa natamani vitu vilivyoisha tu, na moyo wangu ukawa safi kabisa.

Ndipo nikaiona suti.

Ilikuwa suti ya wanaume, rangi ya majivu, vifungo viwili, kola nyembamba, taille, yaani saizi, 56. Katika picha mlimkata mtu wenu shingoni, kwa hiyo suti ilikuwa imesimama bila kichwa. Chini yake: *imeisha*. Nikaigusa bila wasiwasi. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilikuwa nafungua simu na kuitazama kidogo, kama mtu anayechungulia bustani ya nyumba asiyoijua. Kichwa nilikiweka mwenyewe.

Ni lazima sasa nimtaje mwenye kichwa, la sivyo hutaelewa.

Kuna mzee mmoja anaitwa Papa Grégoire. Alikuwa agronome kule Walungu, akawafundisha watu mihogo na kahawa mpaka alipostaafu, kisha mkewe akafariki, naye akahamia mtaa wetu. Tunasali pamoja kwenye shirika, yaani ile jumuiya ndogo ya parokia inayozunguka nyumba kwa nyumba kila wiki. Anaimba sauti ya chini. Ni mtu mkubwa, mabega kama mlango, na ana koti moja ambalo nadhani alilinunua kabla mabega hayajafika. Mikono ya koti inaishia njiani. Anapoinua mkono kwenye wimbo wa Utukufu, ile mishono ya kwapani inafunguka, na mimi hukaa nyuma yake. Niliona hali hiyo kwa jicho la Kikristu.

Tukitoka kwenye shirika, yeye hutembea pole pole upande wangu kwa sababu ya magoti yangu, ingawa magoti yake mwenyewe hayana neno. Hunieleza magonjwa ya mihogo. Akitoka shambani kwake Walungu huniletea avoka, yaani maparachichi. Hatukuwa na jambo lingine, Ndugu Mkurugenzi. Mihogo na avoka. Lakini nilikuwa nimeanza kujua majani ya muhogo mgonjwa kwa kuyatazama kutoka barabarani, na hilo si jambo ambalo mwanamke wa umri wangu hujifunza bure.

Sasa nayaleta malalamiko yangu, kwa namba, kama nilivyofundishwa.

Lalamiko la kwanza: mlisema kwa sauti.

Shirika lilikuwa nyumbani kwa Maman Maombi, kiongozi wetu. Umeme ulikuwa umekwenda na simu yake ilikuwa imezima, kwa hiyo aliomba simu yangu ili asome Injili ya siku. Nilimpa bila kufikiri. Tulisimama. Maman Maombi ana sauti ya kusomea ambayo haibadiliki hata nyumba ikiungua. Akianza mstari, anaufuata mpaka mwisho wake popote unapompeleka. Alikuwa amefika mahali ambapo malaika anaingia nyumbani kwa Bikira Maria. Akasoma, "Malaika akamwambia: Usiogope—" na hapo hapo ujumbe wenu ukashuka juu ya Injili.

Naye akaendelea kusoma, kwa sauti ile ile, "Furaha kwako, Maman Georgette! Tumeusikia moyo wako. Costume ya wanaume uliyoitamani, rangi ya majivu, taille cinquante-six, imerudi."

Maman Fanny, ambaye ana zaidi ya miaka themanini na hasikii vizuri, akajibu, "Sifa kwako, ee Kristu."

Katika nyumba ile kulikuwa na wanaume watatu. Wa kwanza ni katekista wetu, ambaye ni mwembamba kama mshumaa. Wa pili ni mume wa Maman Maombi, ambaye akikaa kwenye kiti miguu yake haigusi chini. Macho ya shirika zima yalipita kwa wa kwanza, yakapita kwa wa pili, yakafika kwa Papa Grégoire, yakatulia hapo. Yeye akatazama mikono yake, ambayo kama kawaida ilikuwa nje. Akavuta mikono ya koti ishuke. Haikushuka. Akavuta tena.

Nimeona mambo mengi katika maisha yangu, lakini kule kuvuta mara ya pili sitakusahau.

Lalamiko la pili: mliniamini.

Kesho yake nilipiga simu kwenu. Aliyepokea anaitwa Joviale, na naomba asiadhibiwe, kwa maana alinijibu kwa adabu muda wote na aliniita Maman hata nilipopandisha sauti. Nilimuuliza ni nani aliyewatuma kurudisha suti ambayo sikuiagiza. Akanieleza hivi:

"Maman, zamani tulikuwa tunarudisha bidhaa kwa kubahatisha tu. Patron alileta bottes ya mvua, ya rouge, depo mzima. Mpaka leo iko pale, hakuna mutu anaitaka. Njo tukaanza kuangalia mioyo. Kitu ikiisha, tunaona ni watu wangapi banaitamani, na taille gani. Wakiwa wengi, tunaagiza tena. Njo namna ya kusikiliza bateja."

Nilimwambia, "Mwanangu, kama kila kitu ninachotamani kingerudi, mngekuwa mmeshanirudishia meno."

Alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nasema kweli. Hapa ndipo mlipokosea, Ndugu Mkurugenzi. Moyo wa mtu si oda. Mtu huitamani nyumba ya Nguba yenye kutazama ziwa huku akijua atakufa Nyalukemba, na anaendelea kupika sombe yake kwa amani. Kama mtu mmoja angekuja kumgongea mlango na kumwambia, "Haya, Maman, ile nyumba tumeipata, funguo hizi hapa," angempa ugonjwa wa moyo. Kuna vitu mtu anavipenda kwa sababu havipo. Vikiwepo, itabidi afanye jambo.

Lakini Joviale akaongeza neno ambalo lilinibadilishia siku.

"Na si weye peke, Maman. Ile costume, ile taille, iko na mioyo onze."

Kumi na moja.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilikata simu bila kumuaga, na hilo naliombea radhi.

Lalamiko la tatu, ambalo limezaliwa na la pili: hao kumi ni akina nani?

Najua utaniambia kwamba majina ya wateja ni siri. Siri! Siri yangu imesomwa kwenye shirika katikati ya Injili, wakati watu wamesimama. Haki inataka kwamba kama yangu imejulikana na watu wote, basi zao zijulikane na mtu mmoja tu, yaani mimi. Siombi zaidi ya hapo.

Joviale, nilipompigia tena, alijaribu kunituliza. Alisema, "Maman, pengine ni wanaume wenyewe banajitafutia nguo." Huyo ni msichana, hajaolewa. Mimi niliishi na mwanaume miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba wanaume tunaowajua hapa Bukavu hawachagui suti. Huvalishwa. Nyuma ya kila suti yuko mwanamke aliyesema, "Jaribu hii." Tena katika mtaa wetu, mtu wa taille 56 mwenye afya njema na bila mke ni mmoja tu. Mioyo kumi, basi, ni wanawake kumi. Hesabu haina mlango mwingine wa kutokea.

Tangu siku hiyo sisali vizuri. Jumapili nilitumia mahubiri yote kutazama safu za wanawake na kuuliza, ni wewe? Ni wewe mwenye kilemba cha kijani? Katika kutoa amani nilishika mkono wa mjane mmoja wa Nguba na nikaukaza zaidi ya inavyohitajika. Hata Maman Fanny nilimtazama vibaya, yule mzee wa watu, kwa sababu nilikumbuka kwamba Papa Grégoire aliwahi kumshika mkono kwenye ngazi za kanisa. Ndugu Mkurugenzi, duka lenu limenifanya nimwonee wivu mwanamke wa miaka themanini. Nadhani jambo hilo linatosha kupewa namba yake peke yake, lakini nimeamua kuwa mpole.

Lalamiko la nne: binti yangu.

Habari kutoka Nyalukemba hazihitaji pikipiki. Kesho yake kabla ya saa sita zilikuwa zimefika ofisini kwa Francine, naye akaja moja kwa moja, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni. Hakunisalimu. Akasema, "Nipe telefone." Nikampa. Akafungua "Matamanio Yangu" na kuanza kusoma, na hapa nakubali kwamba sikuwa nimefikiria jinsi vitu hivyo vinavyosikika vikisomwa pamoja.

"Vikombe mbili na sahani yake. Mito mbili. Mwavuli kubwa, ya watu wawili. Viti mbili ya barza." Akaniangalia. "Maman, hapa kila kitu ni ya watu wawili."

Nikamwambia kwamba vikombe haviuzwi kimoja kimoja.

"Na costume? Papa alikuwa anavaa quarante-huit."

Arobaini na nane, ni kweli. Hapo akakaa. Francine ni mtu wa mikutano na ripoti. Sijamwona akilia tangu tulipomzika baba yake, na siku ile alilia kwa haraka, kisha akaenda kupanga viti. Safari hii alilia akiwa amekaa, simu mkononi, huku ile suti isiyo na kichwa inamtazama. Nilitaka kumwambia kwamba baba yake yuko mahali pake na hakuna aliyemgusa. Nilitaka kumwambia kwamba nyumba ina vyumba vinne na mimi naongea na redio. Badala yake nikasema jambo la kijinga. Nikasema, "Francine, ile moyo nilibonyeza ni ya telefone tu."

Akafuta uso, akauliza, "Na ya kwako iko wapi?"

Nikammiminia chai. Nyingi ilikwenda kwenye sahani. Hakuinywa, alichukua mkoba wake akaondoka. Tangu siku hiyo hunipigia simu kila jioni na kuniuliza, "Umekunywa dawa?" Nasema nimekunywa. Anasema, "Ni sawa," anakata. Nina binti mmoja tu, Ndugu Mkurugenzi. Hapa sikuandikii kwa mzaha.

Lalamiko la tano, na ndilo kubwa: Papa Grégoire ameisha.

Hajaonekana kwenye shirika tangu siku ile. Kwaya imebaki na sauti tatu na inayumba kama meza iliyovunjika mguu. Anapokwenda misa anapita njia ya chini, ile yenye mawe, ambayo hakuna mtu mwenye akili anayeipita wakati wa mvua. Nilikutana naye mara moja tu mbele ya famasi. Alivua kofia, akainamisha kichwa, akavuka barabara. Ndivyo watu wanavyosalimu gari la maiti.

Avoka zimekatika. Ilibidi niagize avoka kwenu. Zilikuja ngumu kama mawe, nikazifunika kwa gazeti zilainike, zikaoza kabla ya kulainika. Sitaki kulifanya hilo kuwa lalamiko la sita, lakini ulijue.

Siwezi kwenda kumuuliza. Mjane hawezi kwenda kugonga mlango wa mwanaume asiye na mke, mbele ya mtaa mzima, ili kumuuliza kwa nini avoka zimekatika. Kwa hiyo nakaa, na suti inakaa, na kila siku mnanitumia ujumbe kwamba zimebaki chache.

Tazama basi kazi ya mfumo wenu. Kazi yake ni kurudisha kilichoisha. Mmerudisha suti, na mtu wa kuivaa ameisha. Kabla ya hapo suti haikuwepo, lakini mtu alikuwepo, kila wiki, upande wa goti langu bovu. Kama ungeniuliza ni kipi kati ya viwili hivyo kiwepo kwenye depo ya dunia hii, nisingehitaji kutafakari.

Kutokana na hayo yote, nakuomba kwa heshima ufanye yafuatayo. Uiondoe ile suti dukani na kuandika tena kwamba imeisha, ili nirudi kuitamani kwa amani kama zamani. Uwafundishe wanaohesabu mioyo kwamba kuna moyo wa kununua na kuna moyo wa kutazama tu, na ule wa mjane usihesabiwe kabla ya kupigiwa simu na mwanamke mtu mzima, asubuhi, akiwa peke yake, na kuulizwa mara tatu kama Petro alivyoulizwa. Ile ya majina kumi nimeshaieleza.

Na zaidi ya yote, naomba uje mwenyewe kwenye shirika letu. Siku hiyo tutakuwa kwa katekista, nyumba ya bluu nyuma ya shule. Usimame, ujitambulishe, useme, "Mashine ilikosea." Mimi nitakaa kimya, na kwa kuwa nitakuwa nimekaa kimya, sitakuwa nimesema uongo. Kisha uende nyumbani kwa Papa Grégoire, umwambie neno hilo hilo, kwamba mashine ilikosea, hakuna aliyemtamania suti, arudi kwenye kwaya.

Ila usiliseme kwa nguvu sana. Aamini kiasi cha kurudi. Asiamini kabisa.

Nawasalimu wote hapo dukani: Joviale kwanza, walinzi wa depo, wahasibu, vijana wa pikipiki na wake zao, na huyo mwenye kupiga picha ambaye hukata watu vichwa. Wasalimie pia wazazi wako kama bado wapo, na kama hawapo, nitawaombea misa. Nabaki kuwa mteja wenu mwaminifu, ambaye hatanunua kitu kingine kwenu mpaka haya yametengenezwa, isipokuwa chumvi.

Georgette Nsimire
Sekretari mstaafu, mjane, Nyalukemba

Nyongeza. Barua hii ilikuwa mezani inangoja bahasha, Francine akaja bila taarifa kuniletea dawa. Aliikuta, akaanza kuisoma akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa pili akakaa. Mahali pa Maman Fanny alicheka, na nikamshukuru Mungu kwa sauti hiyo. Alipomaliza akauliza, "Maman, huyu mutu alikuwa anakuletea avoka mwaka muzima, na haukuniambia?"

Nikamwambia, "Weye uliuliza tu juu ya dawa."

Kisha akachukua mkoba wake na kutoka, nami nikadhani nimemkasirisha tena na amerudi ofisini. Nilikuwa nimekaa nje kwenye barza nachambua maharage nilipomwona anapanda njia, na nyuma yake Papa Grégoire, kofia mkononi, anatembea kama mtu aliyeitwa na prefe. Walipofika mlangoni, mzee akasimama. Francine akalitazama lile koti kuanzia kola mpaka pale mikono inapoishia, akamwambia, "Papa Grégoire, hii veste ilishakushinda. Ingia, chai iko."

Hakuingia mara moja. Aliniambia mimi kwanza, mbele ya binti yangu, "Maman Georgette, mi niliwaza banakucheka ju yangu. Njo maana nikajiondoa."

Nikamwambia, "Banacheka. Kaa."

Akakaa. Francine ndiye aliyemimina chai, na hakuna tone lililokwenda kwenye sahani. Alimuuliza mzee maswali mengi, kama wanavyofanya kwenye ofisi yake: watoto wake wako wapi, presha yake ikoje, mke wake marehemu alikuwa nani. Papa Grégoire alijibu yote bila kuruka. Walipofika kwenye mihogo niliwaacha nikaenda jikoni, kwa sababu hapo nilijua itachukua muda. Kutoka jikoni nilisikia Francine anauliza, "Na ikishika ugonjwa, unaikata au unaing'oa?" na nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikalia kidogo, bila mtu kuniona.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba uichane barua hii ukianzia na lalamiko la kwanza. Usije kwenye shirika. Suti msiiondoe, nileteeni Jumamosi asubuhi, na aje Joviale mwenyewe pamoja na sentimita ya kupimia, kwani mabega yanatosha lakini Francine anahofia suruali. Wale kumi, wawe akina nani, waambieni wachague rangi nyingine.

Bahasha imengoja wiki tatu tangu chai ile, na Padri ameshatupa tarehe ya ndoa. Na jana, mbele ya binti yangu, nimeweka moyo kwenye gauni moja la rangi ya maziwa, mikono mirefu, taille 46. Mmeandika kwamba limeisha. Safari hii nakuomba uniamini, tena haraka, na ikibidi hesabu moyo wangu kama onze.